Sanaa Isiyotundikwa Ukutani: Garissa na Kaskazini Mashariki

Sanaa ya Garissa na Kaskazini Mashariki mwa Kenya ni ya vitu vinavyotumika: nyumba inayobebwa na ngamia, chombo cha maziwa, mkeka, chetezo, hina mikononi mwa bi harusi, na shairi lililotungwa kwa ajili ya harusi hiyo hiyo. Anayekwenda huko akitafuta jumba lenye kuta nyeupe na bei zilizobandikwa kando ya picha, kama yale ya Nairobi, atarudi akisema hakuna sanaa. Maonyesho yapo, ila yametawanyika: sokoni, uani, katika kumbi za harusi, kambini Dadaab, na katika jumba la makumbusho huko Wajir. Baadhi ya vitu na picha zenye thamani kubwa za ukanda huu vinakaa mbali zaidi, Nairobi na hata London.

Safari ya kuifuata sanaa hiyo huanzia Eastleigh, mtaa wa Nairobi ambako mabasi ya Garissa, Wajir na Mandera hupakia abiria. Vitambaa vya dirac, manukato na hina vinavyouzwa Garissa vingi hupitia Eastleigh kwanza, na maziwa ya ngamia hushuka kwa njia hiyo hiyo kuja mjini. Mtaani humo kuna pia kituo cha utamaduni cha Awjama, chenye maktaba ya vitabu vya Kisomali na vyombo vya jadi. Ni mahali pazuri pa kuanzia kwa asiyewahi kuona chombo cha maziwa cha mfugaji ila kwenye picha, maana huko mbele atavikuta vimeachwa pembeni bila maelezo yoyote.

Barabara hupita Thika, Matuu na Mwingi. Baada ya Mwingi mashamba yanapungua, migunga inatawala, na vituo vinavyofuata ni Ukasi, Bangale na Madogo. Jumla ni kilomita 370 hivi. Njiani polisi hukagua vitambulisho, na abiria wenye asili ya huko huvitoa mfukoni hata kabla ya kuulizwa. Madogo ipo Kaunti ya Tana River. Daraja la mto Tana ndilo mlango wa Garissa. Mafuriko ya Novemba 2023 yalikata barabara upande huo wa Madogo, na kwa muda watu na bidhaa wakawa wanavushwa kwa mashua.

Garissa yenyewe ni mji wa joto, vumbi na biashara. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 841,353 katika kaunti nzima, na mji ndio mkubwa kuliko yote katika uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Soko lake la mifugo ni miongoni mwa makubwa ya Afrika Mashariki. Wengi wa wakazi ni Wasomali, lakini kando ya mto wapo Wamunyoyaya, ambao ni wakulima na wavuvi wa tangu zamani, na wapo Wapokomo, Wakamba, Wameru na wengine waliofuata kazi na maduka. Mitaa huitwa bulla: Bulla Iftin, Bulla Mzuri, Bulla Punda. Ni katika nyua za bulla hizi ndiko wanawake hukaa kivulini alasiri, ukili mapajani.

Kazi kubwa ya mikono ya wanawake hao, tangu enzi za kuhama na mifugo, ni nyumba. Nyumba ya mfugaji wa Kisomali, aqal, hujengwa na mwanamke na ni mali yake. Fito za mizizi na matawi hupindwa zingali mbichi mpaka zikubali umbo la upinde, kisha hufungwa pamoja kuwa kuba. Juu yake hutandazwa mikeka ya aina mbalimbali: mizito ya nje ya kuzuia jua na mvua, na laini ya ndani iliyosukwa kwa mapambo. Mama, shangazi na jamaa wa kike wa binti anayeolewa hukaa miezi wakiisuka, na nyumba husimamishwa siku za harusi. Jamii inapohama, mwenye nyumba huibomoa kwa saa chache. Fito humpanda ngamia zikiwa zimepindana juu ya mgongo wake, na mikeka minene hugeuka kuwa matandiko ya kumkinga asichubuliwe na mzigo.

Watafiti wa usanifu walichelewa kuiona kazi hii kuwa usanifu. Mwaka 1995 Labelle Prussin, profesa wa Marekani, alichapisha kitabu kikubwa kuhusu nyumba za wafugaji wa Afrika wanaohamahama, kikiwagusa Wasomali, Wagabra na Warendille, na akaeleza jambo ambalo kila mwanamke wa Garissa angeweza kulisema bila utafiti: msanifu, mjenzi na mpambaji ni mtu mmoja, naye ni mwanamke. Kwa jicho la mwandishi wa makala haya, mkeka wa ndani wa nyumba ya zamani, wenye mistari ya rangi ya kahawia na nyeusi inayokatizana, unaweza kusimama kando ya mchoro wowote unaouzwa Nairobi kwa maelfu ya shilingi.

Mjini, aqal imebanwa na mabati. Familia nyingi sasa zina nyumba za matofali, na kuba la fito, likibaki, limehamia pembeni mwa ua na kuwa jiko au banda la mbuzi. Ususi haukufa kwa sababu hiyo, bali umebadilika. Mikeka ya sakafuni, majamvi ya kuswalia, vikapu na kawa za kufunikia chakula bado husukwa. Majani ya mikoma inayoota kando ya Tana hukaushwa, hupasuliwa, huchemshwa na rangi ya unga inayonunuliwa dukani, kisha husukwa ukili mrefu unaoshonwa ukili kwa ukili. Kando yake kuna ususi wa nyuzi za plastiki, wenye rangi kali za waridi na kijani ambazo wapenzi wa mambo ya kale huzidharau. Dharau hiyo haina msingi. Mafundi ni wale wale na hesabu za mapambo ni zile zile. Kilichobadilika ni malighafi, na plastiki hailiwi na mchwa.

Chombo cha maziwa kina hadithi nyingine. Wafugaji wana vyombo vya mbao vilivyochongwa, na vingine vilivyosukwa kwa nyuzi za mizizi na magome kwa kubana sana hata havivuji. Chombo kilichosukwa, haan kwa Kisomali, huchukua wiki nyingi kukamilika. Kila baada ya kuoshwa hufukizwa kwa moshi wa kuni za miti maalumu. Moshi huo hukausha chombo, huzuia maziwa kuharibika haraka, na huyapa ladha ambayo wazee huitambua kwa kuonja mara moja. Mapambo ya nje, yaani mikanda ya ngozi, simbi na nyuzi za kufumia kifuniko, huweza kueleza chombo kilitoka wapi na kwa nani.

Leo maziwa ya ngamia hufika sokoni Garissa katika madumu ya plastiki ya njano. Dumu ni jepesi, ni rahisi, na halihitaji wiki nyingi za kusuka. Wauzaji wengi hulifukiza pia kwa moshi, na huo ni uthibitisho kwamba ujuzi haukupotea, umehama tu chombo. Haan za kale zimekuwa mapambo ya sebule za matajiri na mapokezi ya hoteli. Hapo kila mtu husema ni nzuri, na hakuna anayeweza kutaja aliyezisuka. Hilo la jina litarudi mara kadhaa katika safari hii.

Kazi za wanaume ni chache zaidi na ni za mbao: kengele ya ngamia inayosikika porini mnyama akipotea, kijiko kirefu, bakuli la nyama, na kigogo cha kulazia kichwa ambacho mchungaji hukitumia pia kama kiti. Kigogo hicho huwa kimenakshiwa kwa mistari ya kufumana iliyochorwa kwa ncha ya kisu. Ni kidogo kiasi cha kuingia kwapani, na ndicho kitu ambacho wakusanyaji wa ng'ambo hukipenda kuliko vyote.

Manukato nayo ni sanaa, ingawa hayatundikwi popote. Vichaka vya Garissa, Wajir na Mandera vina miti ya jamii ya mubani na manemane, na utomvu wake hukusanywa na wachungaji na kuuzwa kwa wafanyabiashara. Sehemu husafirishwa nje, na sehemu hubaki kwenye vyetezo vya nyumbani. Wanawake huchanganya udi, sukari, marashi na viungo vingine kupata uunsi, na kila nyumba ina mchanganyiko wake ambao jirani haelezwi. Chetezo chenyewe huwa cha udongo au cha jiwe jeupe lililochongwa madirisha madogo ya kutolea moshi.

Hina ndiyo maonyesho yanayotembea. Wiki ya harusi, wachoraji wa kike wa mjini hawapumziki. Bi harusi huchorwa mikono hadi viwikoni na miguu hadi magotini, na wageni wa kike hufuata. Mtindo wa Garissa hupenda maua makubwa yenye nafasi kati yake, tofauti na kazi ya Kihindi iliyojaa kila pembe, na mara nyingi wekundu wa hina huzungushiwa wino mweusi wa piko. Mchoraji mzuri hana kitabu cha mifano mbele yake. Tahadhari moja inafaa itolewe hapa: wino mweusi unaotengenezwa kwa rangi ya nywele ya dukani huweza kuunguza ngozi na kuacha makovu, na mteja ana haki ya kuuliza kilichomo kabla ya kunyoosha mkono.

Mgeni huuliza mapema kwa nini picha za watu na wanyama ni chache. Dini ni sehemu ya jibu. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wamekataza au kuchukia kuchora viumbe vyenye roho, na katika mji ambao wakazi wengi ni Waislamu neno hilo lina uzito. Kinachothaminiwa ni maandishi. Mtoto wa duksi, yaani chuo cha Qurani, hujifunza kuandika aya kwenye ubao kwa wino wa makaa, huufuta, huandika tena, na mkono wake huzoea urembo wa herufi kabla ya kujua kitu kiitwacho sanaa. Lakini maisha ya kuhama pia yana jibu lake: fremu ya picha haina pa kukaa mgongoni mwa ngamia. Na kuta za maduka ya mjini hazionekani kusikiliza katazo kwa ukali. Wachora mabango hupaka kikombe cha chai chenye mvuke, tairi, jino, mbuzi na ngamia, ili hata asiyejua kusoma ajue kinachouzwa ndani. Michoro hiyo haina sahihi, na jua huila kwa miaka michache.

Picha nyingi za sura Kaskazini Mashariki zilipigwa kwa amri, kwa ajili ya vitambulisho. Mwaka 1989 serikali iliendesha ukaguzi wa Wakenya wenye asili ya Kisomali pekee, na waliokubaliwa kuwa raia wakapewa kadi ya rangi ya waridi ya kubeba pamoja na kitambulisho. Kwa kizazi hicho, kadi hiyo ilikuwa ya kuthibitisha kwamba wao ni wa hapa.

Historia ya utawala ndiyo inayoeleza vizuri zaidi kwa nini Garissa haikupata majumba ya sanaa. Waingereza waliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kwa sheria kuanzia 1902, na hakuna aliyeingia au kutoka bila kibali. Uhuru haukuifungua. Tarehe 28 Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya bendera kupandishwa, hali ya hatari ilitangazwa kwa sababu ya vita vya Shifta, vya waliotaka eneo hilo lijitenge na Kenya. Vita vilikwisha 1967, hali ya hatari ikaendelea hadi 1991. Tarehe hizo ziwekwe kando ya tarehe za Nairobi. Paa ya Paa, jumba la sanaa la kwanza lililoendeshwa na Waafrika katika jiji hilo, lilianzishwa 1965. Gallery Watatu ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Kuona Trust ilianza 1995. Katika miaka ambayo wachoraji wa Nairobi walikuwa wakijenga soko lao, mtu wa Garissa alikuwa chini ya amri za dharura, na Novemba 1980 mtaa wake wa Bulla Kartasi uliteketezwa katika operesheni ya vyombo vya usalama iliyoua raia.

Hata hivyo Garissa inayo nafasi ndogo katika historia ya uchoraji wa Kenya, na haijulikani sana. Krismasi ya 1942, nyumbani kwa mkuu wa wilaya mjini humo, Joy Bally, mchoraji wa maua aliyezaliwa katika himaya ya Austria-Hungaria, alikutana na George Adamson, askari wa wanyamapori. Walioana 1944, na dunia ikamjua Joy baadaye kwa simba Elsa. Lakini kabla ya Elsa, kuanzia 1949, serikali ya kikoloni ilimlipa Joy Adamson achore watu wa makabila ya Kenya wakiwa na mavazi yao ya jadi, na akasafiri nchi nzima, kaskazini ikiwemo, akachora mamia ya picha. Sehemu kubwa ipo katika Makumbusho ya Taifa Nairobi. Ni kazi ya mkono makini sana: kila ushanga upo mahali pake. Udhaifu wake ni kwamba mtu aliyekaa mbele ya mchoraji amegeuzwa kielelezo cha kabila. Mtazamaji hujua vazi, hamjui mvaaji.

Upande wa sauti, hali ni bora. Ushairi ndio sanaa kuu ya Wasomali, na una kanuni ambayo mpenzi wa mashairi ya Kiswahili ataielewa mara moja kwa kuigeuza. Mshairi wa Mvita au Lamu hufunga beti kwa vina mwishoni. Wa Kisomali hufunga kwa sauti ya mwanzo wa neno, na sauti aliyoichagua katika mstari wa kwanza humfuata hadi wa mwisho, hata shairi liwe na mistari mia moja. Kuna bahari za wanaume na bahari za wanawake. Ya wanawake, buraanbur, ndiyo husikika harusini Garissa: mmoja hutunga papo hapo akimsifu bi harusi na ukoo wake, wengine hupiga makofi na ngoma, na mmoja huingia katikati kucheza akiwa amepanua shela kama mabawa. Vijana wana dhaanto, ngoma iliyotoka kwa Waogadeni, ambao koo zao ndizo nyingi katika kaunti hii. Wanaume na wanawake husogea kwa safu, mwendo ukiiga wa ngamia.

Kutoka katika mila hiyo kilitokea kikundi cha wanawake wa Garissa kiitwacho Gargar. Studio ya Ketebul Music ya Nairobi, ambayo Tabu Osusa aliianzisha ili kuhifadhi muziki wa asili wa Kenya, iliwarekodi, na albamu yao ikaitwa Garissa Express. Sauti za wanawake watu wazima zikaitikiana juu ya gitaa na ngoma, na Wakenya wa kusini wakasikia kwamba mji walioujua kwa taarifa za habari pekee una waimbaji. Hapa, angalau, kikundi kina jina na jina limechapishwa kwenye jalada.

Ng'ambo ya pili ya utamaduni wa Tana ni Wapokomo, wanaoishi kando ya mto kuteremka hadi karibu na bahari. Wimbo wa taifa wa Kenya umetokana na lahani ya wimbo wao wa kubembelezea mtoto, na kila mwanafunzi aliyesimama gwaride asubuhi ameuimba. Kuna jambo jingine la Wapokomo linalojulikana kidogo. Mwaka 1902 maofisa wa Kiingereza waliichukua ngadji, ngoma takatifu iliyokuwa alama ya mamlaka yao, na tangu 1908 ipo British Museum, London, ikikaa ghalani. Vizazi vya Wapokomo vimeijua kwa kusimuliwa.

Ngadji si peke yake. Mradi wa watafiti na wasanii wa Kenya na Ujerumani ulioitwa International Inventories Programme ulikusanya orodha ya vitu vya Kenya vilivyoko katika makumbusho ya nje, na ukapata zaidi ya 32,000 katika taasisi 30. Mwaka 2021 ulifanya maonyesho katika Makumbusho ya Taifa Nairobi. Lilikuwa onyesho la kutokuwepo: makabati matupu yalisimamishwa ukumbini kuwakilisha vitu ambavyo Mkenya hawezi kuviona bila viza. Maonyesho ya namna hiyo yangefaa kupandishwa basi na kuletwa Garissa, ambako mto wenye ngoma hiyo unapita.

Kutoka Garissa hadi Dadaab ni kilomita 100 hivi kuelekea mashariki. Kambi zake, Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilianza 1991 na 1992 zikikusudiwa watu 90,000. Ukame wa 2011 uliwafikisha zaidi ya 400,000. Ni mji kwa kila hali isipokuwa kwa jina. Hapo aqal imefufuka kwa lazima: kuba la fito ni lile la zamani, lakini badala ya mikeka kuna maturubai ya Umoja wa Mataifa, magunia ya unga na khanga zilizoshonwa pamoja. Mwaka 2023 Anooradha Iyer Siddiqi, mwanahistoria wa usanifu, alichapisha kitabu kizima kuhusu Dadaab kama kazi ya usanifu, na wakazi wake wamo humo kama wajenzi.

Filamu imeota vizuri Dadaab kuliko mahali pengine popote Kaskazini Mashariki. Shirika la FilmAid lilianza kwa kuonyesha sinema jioni kwenye skrini iliyofungwa kwenye lori, kisha likafundisha vijana kushika kamera, kuandika na kuhariri. Kazi zao zilionyeshwa kambini na katika tamasha lililofika pia Kakuma na Nairobi. Ni ajabu ya aina yake kwamba kijana wa kambini, asiyeruhusiwa kutoka bila hati ya kusafiria, aliweza kupata mafunzo ya filamu ambayo kijana raia wa mjini Garissa alikuwa hana.

Wajir ipo zaidi ya kilomita 300 kutoka Garissa, na ndiko kuliko na makumbusho ya ukanda mzima yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Vitu vyake ni vile vile vya uani na sokoni: vyombo vya maziwa, mikeka, zana za ngamia. Mji wenyewe, wenye kuta nyeupe na visima vya kale vya Orahey, una mzaha mmoja wa kikoloni unaosimuliwa hadi leo: maofisa wa Kiingereza walianzisha klabu ya mashua za tanga katikati ya jangwa.

Wajir pia ina kumbukumbu isiyo na mzaha. Februari 1984 wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika kiwanja cha ndege cha Wagalla. Serikali ilikiri vifo 57. Wenyeji hutaja maelfu. Kwa miaka mingi haikuwezekana hata kutaja jambo hilo hadharani. Mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa Wajir mwaka 2014, na mwaka uliofuata Judy Kibinge, mtengenezaji filamu wa Nairobi, akazindua Scarred: The Anatomy of a Massacre, filamu inayowaacha manusura wazungumze wakitazama kamera. Kati ya kazi zote zilizotajwa katika makala haya, hii ndiyo inayostahili kuonwa kwanza.

Miaka ile ile ilileta msiba mwingine. Tarehe 2 Aprili 2015 al-Shabaab waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Nairobi, waombolezaji walisimika misalaba ya mbao Uhuru Park. Desemba mwaka huo basi lililokuwa likielekea Mandera lilishambuliwa, na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa huko na akafariki Januari 2016. Kisa hicho kikawa Watu Wote, filamu fupi ya Mjerumani Katja Benrath, iliyoteuliwa kuwania Oscar mwaka 2018. Ni filamu nzuri, na mazungumzo yake ni ya Kiswahili na Kisomali. Hata hivyo inabaki kuwa filamu ya wanafunzi wa Hamburg kuhusu Mandera. Filamu ya mtu wa Mandera kuhusu Mandera, iliyopewa nafasi kama hiyo, bado inasubiriwa.

Sheria haikosekani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti majukumu ya utamaduni, na linataja wazi maktaba, makumbusho na maonyesho ya sinema. Kwa hiyo Garissa, Wajir na Mandera hazihitaji kuomba ruhusa Nairobi ili kufungua ukumbi. Panahitajika chumba chenye kivuli na hewa, fungu la kununulia kazi mpya kutoka kwa wasusi walio hai, na karani wa kuandika majina. La mwisho ndilo rahisi na ndilo linalopuuzwa zaidi: kibandiko kinachosema "chombo cha maziwa, Wasomali" hakitoshi ikiwa binti wa aliyekisuka anauza chai mtaa wa pili. Msafiri hana haja ya kuingoja kaunti. Akinunua mkeka au haan Garissa, aulize nani amesuka, alipe bei bila kuivunja hadi chini, na aliandike jina hilo nyuma ya mkeka kwa wino usiofutika.